Tiketi ya Jumamosi

4 Machi

Dada yangu Karani,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia kwa wifi yako, ambaye mguu wake umeacha kuvimba, hadi kwa binti yangu mdogo, aliyeingia kidato cha tatu na sasa anatusahihisha sote tukiwa mezani. Mimi mgongo unalalamika, lakini kazini nakwenda nao. Mpwa wangu hajambo? Na huyo mjukuu wako, ameshaota meno au bado anatafuna watu kwa ufizi?

Mjomba yupo. Jicho la kushoto limezima kabisa, la kulia linaona mwanga na vivuli. Juzi nilimpa pole, akanijibu: "Pole ya nini? Miaka yote ile niliwaonyesha watu vivuli ukutani. Sasa ni zamu yangu."

Naandika kwa sababu simu hupokei, na ukipokea unasema "ndiyo, ndiyo" kama mtu aliyesimama kwenye foleni. Nina habari. Lile jumba letu la sinema limeuzwa. Ghala la magunia lililokuwamo limehamishwa, na mwenye jumba mpya anataka ukumbi wa mikutano na michezo ya watoto wa shule. Kazi ya uashi nimepewa mimi, Bonge, ambaye siku hizi nimekonda hadi jina linaonekana kama matusi.

Nilipoingia siku ya kwanza niliwatoa vijana nje kwanza, nikabaki peke yangu. Sakafu bado inateremka kuelekea mbele, na matundu ya skrubu za viti yapo, safu kwa safu. Kule juu nimeliona lile tundu la mashine. Nilipanda nikaweka jicho, nikajiona nina miaka kumi na mitatu tena, nazungusha mkanda kwa mkono huku Mjomba ananiambia, "Polepole, huo si mpini wa kisima." Kisha nikatazama chini nikakuona wewe na tochi yako. Kumi na sita, miguu kama fimbo, na wanaume wazima wanavua kofia kwa kuwa umewamulika mara moja tu. Zile zilikuwa siku, dada.

Nikimaliza paa nitaanza ukuta wa kushoto. Mwenye jumba ana ramani ya zamani na anataka ule mlango wa pembeni urudi mahali pake. Unakumbuka ulizibwa kwa matofali baada ya ile Jumapili. Nitaubomoa mwenyewe.

Mwandikie Mjomba mistari miwili yake mwenyewe. Anasema barua zako humsalimu lakini haziongei naye.

Mdogo wako,
Bonge


22 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako ya tarehe 4 niliipokea tarehe 9, saa nne asubuhi. Nimekaa nayo siku kumi na tatu. Unisamehe.

Huku hatujambo. Mpwa wako amebadilishiwa zamu kazini, kwa hiyo mtoto anashinda na mimi. Meno mawili ya chini yametoka. Mvua imeanza, na jirani ameweka fundi anayegonga ukuta wake tangu Jumatatu. Kelele hizo zimenitoa nyumbani. Nashinda kwenye benchi la zahanati na mtoto mgongoni, mahali karibu na mlango, kama mgonjwa asiye na ugonjwa.

Umenikumbusha mengi. Nilifungua madaftari yangu ya zamani, maana unajua sijawahi kuacha kuandika siku zangu. Rangi za tiketi nilikuwa nazikumbuka sawa: Ijumaa njano, Jumamosi kijani, Jumapili waridi. Nilizichana katikati, nusu kwa mtazamaji, nusu kwenye kopo. Na kanuni ya ule mlango wa pembeni nimeiandika ukurasa wa kwanza kabisa, siku niliyoanza kazi: watu wakiwa wanaingia, mlango ufungwe kwa mnyororo na kufuli, ili wasije wa bwerere wakaingilia huko. Sinema ikishaanza na wale wa bwerere wameshakata tamaa, mwenye tochi aufungue, mnyororo autundike kwenye msumari, mlango ubaki wa kusukuma tu. Funguo zilikuwa mbili. Mmoja ulikaa juu kwa Mjomba, mwingine shingoni mwangu.

Sasa nakuomba jambo. Ukuta ule uache. Matofali yamekaa pale miaka arobaini na moja, nyumba imeshayazoea. Ukiyatoa, kizingiti cha juu kinaweza kuanguka. Mshauri mwenye jumba atoboe mlango upande wa kulia. Na Mjomba usimwambie kuwa mnabomoa huko. Mzee wa miaka sabini na tisa hahitaji vumbi hilo.

Dada yako


10 Aprili

Karani wangu,

Tunashukuru, tupo. Wifi yako amecheka mpaka akakaa chini. Tangu lini mtunza stoo wa shule, tena mstaafu, akamfundisha mwashi habari za kizingiti? Upande wa kulia kuna nyumba ya watu, dada. Nikitoboa huko watoto watatokea bafuni kwa mtu anaoga.

Mjomba umechelewa kumficha. Anajua. Anachotaka ni kimoja: nimshike mkono apande juu, aguse lile tundu la mashine kabla hiki kivuli cha mwisho hakijamzimikia. Tangu aliposikia, anaamka, anavaa viatu, anakaa kitandani kusubiri.

Lakini kuna kikwazo, na kikwazo chenyewe unakijua. Mama fundi, mshonaji wa nyumba ya mkabala na yetu, ndiye aliyepewa kushona mapazia ya ukumbi. Amekubali kwa sharti kwamba "mtu yule" asikanyage humo. Sikumlaumu. Mtoto wake alikuwa na miaka tisa, akakanyagwa hadi kufa kwenye mlango wa mbele kwa sababu wa pembeni ulikuwa na mnyororo. Mjomba alihukumiwa kwa kuufunga, akakaa ndani miaka mitatu, akarudi kwenye mtaa ule ule, mbele ya dirisha lile lile. Miaka yote hii hawajasalimiana. Wiki iliyopita binti yangu alimtoa Mjomba nje aote jua, mama fundi akavuta dirisha likafungika kwa kishindo. Mjomba akageuza kichwa upande wa sauti, akasema tu, "Bawaba ile inataka mafuta."

Jambo linalonisumbua, nikuulize wewe mwenye kumbukumbu. Mjomba ninayemjua hafungi hata kopo la sukari akishalifungua. Kwa nini siku ile alirudi kuufunga mlango uliokwisha kufunguliwa? Nimemuuliza mara mbili maishani mwangu. Mara zote aliniuliza kama nimekula.

Paa limekwisha. Ukuta nitaugonga tarehe 29.

Mdogo wako


19 Aprili

Mdogo wangu,

Sote wazima. Nakwenda moja kwa moja.

Ukibomoa ukuta huo, vijana watoe nje kama ulivyofanya siku ya kwanza. Uwe peke yako. Ukifika kwenye mlango, litazame kufuli kabla hujaligusa. Tazama kwenye ule mkono wa chuma uliopinda, pale unapoingia kwenye kufuli. Kama kuna kipande cha karatasi kimechomekwa hapo, kitoe, kitie mfukoni, usimwonyeshe mtu. Usikisome. Kichome, au nitumie mimi. Afadhali ukichome.

Usiniulize. Barua hii usimsomee Mjomba. Nakuomba kwa jina la mama yetu, jambo ambalo sijawahi kukuomba.

Wino uliomwagika hapo juu nimeumwaga mimi. Si mtoto.

Dada yako


6 Mei

Dada,

Nakusalimu. Watu wote wazima.

Barua yako ilifika nikiwa kazini. Mjomba alisikia mtu wa posta, akamwita binti yangu: "Soma, ni Karani." Mtoto hakujua lolote, akasoma yote, mpaka la wino. Ananiambia Babu alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akasema, "Rudia pale pa kufuli." Akarudia. Basi hakutaka hata chai.

Tarehe 29 niliugonga ukuta kwa nyundo na tindo, peke yangu kama ulivyotaka, na nikuambie ukweli, nilikuwa na hofu ambayo hata sikujua ni ya nini. Ulinipa wewe. Kila tofali lililotoka nilirudi nyuma hatua moja. Lipu ilianguka, vumbi likatulia, na mlango ukaonekana, rangi yake ile ile ya kijivu, mnyororo umezungushwa mara mbili, kufuli limefungwa. Nikawasha tochi ya simu. Nikatazama pale ulipoandika.

Hakukuwa na kitu. Kutu tu na utando wa buibui.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Mjomba mlangoni amevaa viatu. Hakusubiri nivue kofia. "Umekuta karatasi?" Nikasema sikukuta. Akasema, "Hukuweza kuikuta." Akanituma chini ya kitanda chake nilete lile kopo bapa la mkanda, lile analowekea vitambulisho na picha ya marehemu mama. Akapapasa mwenyewe, akatoa bahasha, na ndani ya bahasha kuna nusu ya tiketi. Imefifia, lakini ni ya kijani.

"Mwandikie Karani," akasema. "Mwambie tiketi ya Jumamosi ninayo mimi. Asiogope ukuta."

Nikamuuliza, tiketi ya Jumamosi ina nini, wakati mambo yalitokea Jumapili? Akasema, "Muulize dada yako." Nakuuliza.

Bonge


2 Juni

Mdogo wangu,

Hatujambo. Mtoto ameanza kusimama. Hayo ndiyo ya nyumbani.

Barua hii nimeianza mara sita. Nilikuwa naanza na moshi, nikagundua mambo hayakuanzia kwenye moshi. Yalianzia kwenye daftari langu.

Unajua nilivyokuwa. Mjomba aliponipa jina la Karani nililivaa kama sare. Niliandika saa, kazi, hali ya hewa, nani kasema nini. Lakini Jumapili baada ya onyesho la watoto nilikuwa nafagia ukumbi wote, narudi nyumbani hoi. Basi nikajizoesha kuandika ya Jumapili asubuhi, kabla sijatoka. Kazi ilikuwa ile ile, saa zile zile. Nilijua nitakachofanya, nikakiandika kana kwamba nimeshakifanya. Sikuona kuwa ni uongo. Niliona ni utaratibu mzuri. Niliandika hivyo Jumapili kumi na nne, na kumi na tatu kati ya hizo zilikuwa kweli.

Ukurasa wa ile ya kumi na nne ninao hapa. Unasema: "Saa tisa na nusu nimefungua mlango wa pembeni. Mnyororo nimeutundika kwenye msumari." Niliandika saa mbili asubuhi.

Sinema ya wiki ile ilikuwa ya mama anayemtafuta mwanawe kutoka treni hadi treni. Jumamosi niliiona vipande vipande, kwa kuwa nilikuwa nazunguka na tochi. Jumapili nilikaa kiti cha nyuma kabisa. Nilijiambia dakika tano, nione kama anampata, kisha nikafungue. Zikapita tano, na nyingine tano. Hadi leo sijui kama alimpata.

Moshi ulitoka nyuma ya pazia. Moto hata haukuwapo wa kuitwa moto, waya tu zilizokuwa zinaungua, lakini moshi ulikuwa mweupe na mwingi, na mtu akapiga ukelele. Watoto waliokimbilia pembeni walirudi na kuwasukuma wenzao, wote wakageukia mlango wa mbele. Mimi nilikuwa hatua ishirini kutoka kwenye ule mlango wa pembeni, ufunguo shingoni. Miguu haikwenda. Nataka uelewe hilo, kwa sababu nimejaribu kulielewa mimi nimeshindwa: nilijua la kufanya, nilikuwa na ufunguo, na miguu haikwenda. Umati ukanibeba hadi nje. Nilisimama barabarani nimeukamata ufunguo kifuani kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia usionekane.

Mpelelezi alikuja nyumbani kesho yake. Hata hajamaliza swali nikamletea daftari. Alisoma kwa sauti mbele ya mama, mbele ya Mjomba. Kisha akasema, "Laiti karani wangu ofisini angeandika hivi." Akanisifu, ndugu yangu. Na baada ya hapo kila kitu kilikaa kwenye mstari wake: mimi nilifungua saa tisa na nusu, saa kumi ulikutwa umefungwa, na muuza soda aliona Mjomba ameshika mnyororo. Alikuwa anauvuta ufunguke! Alishuka bila ufunguo kwa sababu alijua mlango uko wazi. Alijua uko wazi kwa sababu aliniamini.

Mpelelezi alimuuliza: "Ulirudi ukafunga wewe?" Mjomba akanitazama mimi. Kisha akasema, "Kama imeandikwa, basi imeandikwa."

Sasa tiketi. Kila nilipofunga kufuli nilichomeka hapo nusu ya tiketi ya siku hiyo. Ilikuwa alama yangu mwenyewe, nijue kama kuna mtu aliyegusa. Jumamosi usiku nilifunga nikachomeka ya kijani. Kama Jumapili kufuli lingefunguliwa, na mimi au na mtu yeyote, ile ya kijani ingeanguka. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyejua. Mwenye jumba wa zamani alipoujenga ule ukuta nilimshukuru Mungu, Mungu anisamehe. Mwaka uliofuata nikahama. Kila mara niliposikia nyundo popote, hata mji huu wa mbali, niliacha nilichokuwa nafanya nikatoka nje. Siketi mahali bila kuhesabu milango. Ukumbi wa harusi ya mwanangu mwenyewe nilikaa karibu na kutokea, watu wakasema mama bibi harusi ana haraka ya kuondoka.

Na tiketi haikuwapo. Ilikuwa chini ya kitanda chake. Miaka arobaini na moja nimekuwa naogopa ukuta mtupu.

Nifanye nini? Sikuulizi ili unionee huruma. Naogopa, na sasa naogopa kitu kipya: kwamba alijua yote, kila mara niliponyanyua kikombe cha chai mbele yake.

Dada yako


11 Julai

Dada,

Salamu. Sote wazima, ila Mjomba amelala wiki mbili kwa kifua. Daktari anasema ni umri, na akisema hivyo anatazama pembeni.

Nimechelewa kwa makusudi. Nilikuwa na hasira. Unakumbuka jino langu la mbele, lile lililovunjika nikasema niliteleza kisimani? Sikuteleza. Walikuwa wanne, walikuwa wananiita mpwa wa muuaji, na mimi nikawapiga kwa ajili ya jambo ambalo sasa naambiwa ni la dada yangu. Niliandika barua moja ya maneno mazito. Wifi yako akaisoma, akaichana, akaniambia, "Alikuwa na umri wa binti yako." Nikaenda kumtazama binti yangu alivyolala na daftari usoni. Hasira haikuisha, lakini ilikaa chini.

Barua yako nilimsomea Mjomba yote. Nilimuuliza aliipataje tiketi. Alisema alishuka, akakuta mnyororo, na kwenye moshi ule akaona ile ya kijani ya Jumamosi bado ipo, akajua hukufungua. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyatamka: "Niliichomoa ili nije nimgombeze nayo. Nilikuwa nimekasirika sana. Nikasema leo Karani atanitambua. Nilipotoka nje nikakuta wamemlaza yule mtoto kwenye ubao wa matangazo. Tiketi ilikuwa kiganjani. Nikaitia mfukoni."

Nikamuuliza, na kwa mpelelezi je? Akasema, "Alikuwa na miaka kumi na sita. Mimi nilikuwa na mabega."

Anasema usije, usiseme neno, miaka ameshaikaa na haiwezi kukaliwa mara mbili. Mimi sisemi hivyo. Mama fundi amemaliza mapazia. Ukumbi unafunguliwa tarehe 3 Agosti na Mjomba bado anavaa viatu, ila sasa anavivaa akiwa amelala. Anachotaka ni ngazi kumi na mbili tu, lakini hawezi kuzipanda mpaka yule mama aseme ndiyo. Na yule mama hawezi kusema ndiyo kwa sababu anajua jambo ambalo si kweli.

Ule mlango nimeuweka mpya. Unafunguka kwa kusukuma. Hauna kufuli, na ufunguo haukutengenezwa.

Mdogo wako


24 Julai

Mdogo wangu,

Namwombea Mjomba kifua kipungue. Mwambie wifi yangu asante kwa kuichana ile barua, na wewe asante kwa kuiandika, nilistahili kuisoma.

Nakuja. Natoka huku Ijumaa tarehe 26, barua hii anakuletea dereva ambaye ni rafiki wa mwanangu, initangulie siku moja. Jumamosi asubuhi nikifika sitaanzia kwenu. Nitaweka mzigo kizingitini kwenu na kuvuka barabara. Usinisindikize, na mama fundi usimtayarishe kwa neno lolote. Daftari la mwaka ule nimelifunga kwenye kitambaa, nitampa mkononi. Kama hasomi, nitamsomea mimi, ukurasa ule na saa niliyouandika.

Sijui kama atanifungulia. Naweza kumwona anavuta lile dirisha. Naweza pia kumwona ananifungulia, na hilo ndilo linaloniogopesha zaidi. Kuna mambo ya kisheria, mwanangu ameniuliza kama nimefikiria. Nimefikiria. Mwanangu nimemwambia yote jana, mtoto akiwa mapajani mwake. Akaniuliza, "Ndiyo maana ulikaa mlangoni kwenye harusi yangu?" Nikasema ndiyo. Akanishika mkono, sijui kama amenisamehe au ameniona tu jinsi nilivyokuwa baridi.

Hofu haijaondoka. Nilidhani nikishaamua itapungua. Imekaa pale pale. Lakini miguu nimeijaribu: nimetembea kutoka chumbani hadi mlango wa nje na kurudi, mara ishirini, kama mwendawazimu, mjukuu ananifuata nyuma akicheka. Inakwenda.

Kuna jambo moja dogo. Jana nilipofungua daftari langu la sasa kupanga safari, mkono wenyewe ulianza: "27 Julai, Jumamosi. Saa nne asubuhi nimezungumza na mama fundi." Nikaona ninachofanya. Nimefuta kila kitu hadi karatasi imekwaruzika, nikabakiza tarehe. Ukurasa uko mtupu. Nitauandika nikishatoka kwake, kwa yatakayokuwa yametokea.

Mwambie Mjomba nimesikia kuwa hataki nije, na hii itakuwa mara ya pili namwasi, baada ya ule mlango. Tiketi aiweke karibu. Nakuja kugombezwa.

Dada yako,
Karani